Mjapani anapanda treni, gari yake ya zamani iko kwenye barabara ya Tchomia

Asubuhi kando ya Ziwa Albert, mitumbwi ya mbao inapofika Tchomia na samaki, sauti inayotangulia kusikika ni ya mashine, watu baadaye. Nyingi kati ya mashine hizo zina jina la Yamaha, kampuni ya Japani. Ukiacha maji na kupanda kidogo hadi pale magari ya Bunia yanapopakia, unakuta Toyota zenye usukani upande wa kulia. Nyingine bado zina maandishi ya Kijapani kwenye mlango, ambayo hakuna abiria anayeyasoma. Kwa kuwa Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara, dereva wa gari kama hiyo akitaka kulipita kamiyo, inabidi amuulize abiria aliyekaa kushoto kama kule mbele kuna gari inayokuja.

Gari hizo zilianza kazi mbali sana. Zilinunuliwa zikiwa mpya huko Japani, zikauzwa, zikapakiwa kwenye meli hadi Mombasa, zikapita Uganda, ndipo zikafika Ituri. Swali ambalo watu wengi hawajiulizi ni hili: kwa nini Mjapani aliuza gari ambayo bado inatembea, na yeye sasa anaenda kazini na nini?

Jibu ni treni. Na sababu za jibu hilo zinamgusa mkaaji wa Tchomia kuliko anavyofikiri, maana zinahusu mambo mawili yanayomsumbua kila siku: safari, na takataka.

Hesabu, si moyo safi

Kule Japani, mwenye gari analipa hata kabla hajaiwasha. Tangu sheria ya 1962, katika miji hawezi kuandikisha gari bila kuonyesha cheti kwamba ana mahali pa kuiweka, na mahali hapo pasiwe barabarani. Gari mpya ikifikisha miaka 3 inapelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, halafu tena kila miaka 2, na kila mara kuna pesa ya kulipa na vipuri vya kubadilisha. Gari ikizeeka, hesabu inamshinda mwenyewe. Hapo ndipo wanapoingia wale wanaonunua magari ya kupeleka Afrika.

Upande wa pili kuna treni, na haikuanza jana. Reli ya kwanza ilifunguliwa 1872 kati ya Tokyo na Yokohama. Treni ya chini ya ardhi ilianza Tokyo 1927, na ile ya mwendo wa kasi, Shinkansen, 1964. Kituo kimoja tu, Shinjuku, kilikuwa kinapitiwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa siku kabla ya ugonjwa wa Covid-19. Mfanyakazi ana tiketi ya mwezi au ya miezi kadhaa, na mara nyingi mwajiri ndiye anayeilipa. Treni ikichelewa, kampuni inawapa abiria kikaratasi cha kuonyesha kazini, ili mkubwa wao asiwagombeze.

Jambo moja katika historia hiyo linastahili kusimuliwa taratibu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya reli ya upande wa Osaka, inayoitwa leo Hankyu, haikungoja watu wawe wengi ndipo ijenge. Ilipitisha reli kwenye mashamba, ikanunua ardhi kandokando, ikajenga nyumba na kuwauzia watu kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, kisha mwaka 1929 ikafungua duka kubwa kwenye kituo cha mwisho. Reli ilitangulia, abiria wakafuata. Kwa hiyo mtu anayeshuka leo kwenye treni ya Osaka au Tokyo si lazima awe mpenda mazingira. Anapanda treni kwa sababu iko, inafika kwa saa, na gari ingemla pesa zaidi.

Ni vilevile kwa mifuko ya plastiki. Kwa miaka mingi maduka ya Japani yalitoa mfuko bure kwa kila kitu. Tarehe 1 Julai 2020 serikali iliagiza kila duka liuze mfuko, usitolewe bure tena. Bei ni ndogo, yen chache tu, lakini ilitosha kufanya watu watoke nyumbani na mfuko wao wa kitambaa. Na wapo waliofika mbali zaidi. Kijiji cha Kamikatsu, kwenye kisiwa cha Shikoku, chenye watu wasiofika 1,500, kilitangaza mwaka 2003 kwamba kinataka kufika mahali pa kutobaki na takataka. Kamiyo ya kukusanya takataka haipiti kule. Kila familia inabeba zake hadi kwenye kituo, na pale inazigawa kwa mafungu zaidi ya 40: karatasi mbali, chupa za rangi hii mbali na za rangi ile, vifuniko mbali.

Wasomaji wasidanganyike lakini. Mwaka 2018 shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na mazingira lilionyesha kwamba Japani ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya Marekani, kwa takataka za vifungio vya plastiki ukihesabu kwa kila mtu. Ndizi moja inaweza kuuzwa ikiwa imevishwa plastiki. Na sehemu kubwa ya plastiki iliyokusanywa kwa uangalifu wote huo inaishia kuchomwa kwenye viwanda. Tofauti yao na sisi iko hapa: takataka yao ina mahali pa kwenda.

Neno ambalo Tchomia inalijua bila kulijua

Mwaka 2005, Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyekuwa ametoka kupata tuzo ya amani ya Nobel mwaka uliotangulia, alitembelea Japani na kujifunza neno moja: mottainai. Ni neno la kusikitikia kitu kinachotupwa na bado kina kazi. Lilimpendeza hata akaanza kulitembeza duniani kote, hadi Umoja wa Mataifa.

Mama mwuza samaki wa Tchomia angemsikiliza na kushangaa kidogo. Nyumbani kwake bidoni ya mafuta ya lita 20 inakuwa bidoni ya maji. Ikipasuka, inakatwa na kuwa beseni. Bidoni ndogo na vipande vya ndala zilizochakaa vinafungwa kwenye nyavu ili zielee. Pipa la mafuta linakuwa jiko la kukaushia samaki. Gunia la unga kutoka Uganda linabeba unga, halafu makala, halafu linafunika mzigo juu ya kamiyo, halafu linakuwa mlango wa choo. Na kuhusu safari, hakuna gari inayoondoka Tchomia na kiti kitupu. Tatizo ni kwamba inaondoka na watu wengi kuliko viti. Wengine wanaenda kwa miguu hadi Kasenyi kwa sababu hawana pesa ya moto.

Ukihesabu mafuta yanayochomwa na mtu mmoja kwa mwaka, mkaaji wa kando ya ziwa anamwacha nyuma kabisa Mjapani wa Tokyo, hata yule wa treni. Lakini hakuna anayemsifu, na yeye mwenyewe hajisifu, maana hakuchagua. Akipata pesa kesho atanunua moto yake, na nani atamlaumu? Hapo ndipo mazungumzo mengi ya mazingira yanapokosea yakifika vijijini kwetu. Yanamfundisha mtu kutopoteza kitu, wakati mtu huyo hajawahi kuwa na kitu cha kupoteza. Jambo pekee ambalo anatumia kwa wingi ni kuni za kukaushia samaki, na hizo anazitumia kwa sababu hana barafu wala umeme.

Kusafiri pamoja bila usalama

Treni ya Tchomia ni mtumbwi. Ndio unaobeba watu wengi kwa pamoja, pamoja na mizigo yao, kwa mashine moja, ukivuka kwenda Uganda au ukifuata pwani kwenda vijiji vingine. Kwa hesabu ya mafuta ni usafiri mzuri sana. Kwa hesabu ya maisha ni jambo lingine.

Tarehe 22 Machi 2014, chombo kilichokuwa kimejaa wakimbizi Wakongo waliotoka kambi ya Kyangwali, Uganda, wakirudi nyumbani kwao, kilizama ziwani. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao watoto. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa 2018, vita vya Djugu viliwarudisha makumi ya maelfu ya watu majini, kutoka Tchomia na pwani nyingine kwenda wilaya ya Hoima. Walipanda chochote kilichoelea. Mtu aliyevuka hivyo na watoto wanne haulizi habari ya moshi wa mashine. Anauliza kama kuna jile ya kuelea, kama majina ya abiria yameandikwa mahali fulani, na kama mwenye mtumbwi atakataa kuongeza watu upepo ukiwa mbaya.

Ajabu ni kwamba ziwa hili lilishawahi kuwa na chombo chenye tiketi na saa ya kuondoka. Tangu 1930, meli iliyoitwa Robert Coryndon, ya kampuni ya reli ya upande wa Uganda, ilikuwa inatoka Butiaba kwenda Kasenyi, na pia Mahagi. Abiria wa Kasenyi alifika Butiaba, akachukua gari hadi Masindi Port, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli nyingine hadi Namasagali, na kutoka pale akapanda treni kuelekea bahari. Wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wanasukuma reli yao nyembamba ya Vicicongo kutoka Aketi. Ilifika Mungbere mwaka 1937 na kuishia pale, mbali na Bunia. Ituri ilibaki katikati ya reli mbili bila kupata hata moja.

Halafu ziwa likapanda. Mafuriko ya 1961 na 1962 yaliiharibu bandari ya Butiaba, na Robert Coryndon ikazama palepale. Kule Uganda, reli iliendelea kaskazini hadi Pakwach mwaka 1964. Upande wetu, njia ya kuelekea bahari ikawa barabara peke yake. Isisemwe basi kwamba wakaaji wa pwani hawawezi kufuata ratiba. Babu zao waliifuata. Ingawa ni haki kuongeza kwamba ile ilikuwa ratiba ya wakoloni, na haikuwekwa kwa ajili ya mwuza samaki.

Leo, kwenye ziwa hilohilo, feri ya serikali ya Uganda inavusha watu na magari kati ya Wanseko na Panyimur. Si jambo kubwa kama Shinkansen. Ni chombo cha chuma chenye ngazi ya kupandia na watu wanaolipwa mshahara kukiendesha. Tchomia na Kasenyi hazina chombo kama hicho.

Na barabara? Kutoka Tchomia hadi Bunia ni kama kilomita 60, ukipita Kasenyi na kupanda mlima kuelekea Bogoro. Mvua ikinyesha, kamiyo moja ikikwama inafunga njia kwa wote. Tena kuna usalama. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021, na bado kuna asubuhi ambapo dereva hawezi kuwasha gari kabla hajapiga simu kuuliza kama njia imefunguliwa. Samaki hangoji. Akina mama waliokopa pesa kununua samaki wabichi wanajua maana ya saa tatu za kuchelewa: bei inashuka, au wanalazimika kumwaga chumvi nyingi na kuuza kama wa kukauka. Mjapani anapewa kikaratasi treni ikichelewa. Kwa mama wa Tchomia, kuchelewa ni deni analobaki nalo mwenyewe.

Kwa hiyo ratiba ya usafiri haianzi na gari wala na chombo. Inaanza na amani barabarani. Wataalamu wanaoandika mipango ya usafiri safi kwa miji ya Afrika wanasahau sentensi hiyo mara nyingi, pengine kwa sababu wanapoandikia kuna amani.

Sashe iliyokatazwa

Tuje kwenye takataka, kwa sababu hapo serikali ilishasema kitu. Tarehe 30 Desemba 2017, wakati Bruno Tshibala alikuwa waziri mkuu, Kinshasa ilitoa amri namba 17/018 ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungio vingine vya plastiki. Wafanyabiashara walipewa miezi sita ya kujitayarisha. Miezi sita iliisha katikati ya 2018.

Kila anayeenda soko la Tchomia anajua kilichofuata. Sukari inapimwa ndani ya sashe, chumvi ndani ya sashe, mafuta ya kupikia ndani ya kasashe kadogo kalikofungwa fundo. Maji ya kunywa yanauzwa ndani ya sashe. Samaki anatolewa ndani ya sashe nyeusi. Jioni zote ziko chini, mvua inazisukuma kwenye mifereji, na mifereji yote inashuka upande mmoja, yaani ziwani. Wavuvi wanazivuta ndani ya nyavu. Na pwani hii ni mahali ambapo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, huku familia nyingi zikichota maji ya kunywa palepale mifereji inapomwagikia. Sashe haileti kipindupindu. Lakini mfereji ulioziba unatuama, unafurika, na unapeleka uchafu wa vyoo kwenye maji ya kuchota.

Kwa nini amri haikushika? Wengine wanasema watu ni wabishi. Tuangalie majirani kwanza. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya 2008, na mpakani mizigo inapekuliwa kweli. Kenya ilifuata 28 Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania ilianza 1 Juni 2019. Uganda ilitangaza kukataza kaveera tangu 2009, na hadi leo kaveera ziko kila mahali. Nchi zilizofaulu zilifunga mlango wa kiwanda na wa mpaka. Mwuzaji wa nyanya alikosa mfuko kwa sababu haukufika kwake tena, si kwa sababu aliogopa polisi.

Kwetu ilikuwa kinyume. Amri iliandikwa Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700 kutoka hapa, na mpaka wa Tchomia ni maji matupu yenye vivuko vingi vidogo. Bidhaa nyingi za soko zinatoka Uganda, na sashe zinakuja nazo. Ukimnyang'anya mama sashe 50 sokoni bila kugusa paketi zinazoshuka kwenye mtumbwi kwa mamia, hujakataza plastiki. Umemtoza mama tu.

Na kuna swali la kitu badala. Anayenunua mafuta ya kupikia ya franka chache hana chupa mkononi, kwa sababu alikuwa anatoka shambani. Majani ya migomba na vitunga vilifanya kazi hiyo zamani, na kwa samaki mkavu vinaweza kuirudia kesho asubuhi. Kwa mafuta, hapana. Mtu mkweli atasema hivyo: baadhi ya sashe zinaweza kwisha haraka, nyingine hazitakwisha mpaka apatikane wa kuuza kwa chupa inayorudishwa, kama soda na bia zinavyouzwa siku zote. Hakuna anayetupa chupa ya bia Tchomia, kwa sababu ukiirudisha tupu inahesabiwa pesa.

Mtindo huo wa chupa ndio ulio karibu zaidi na ule wa Wajapani kuliko mafundisho yote ya semina. Mtu anaona faida yake palepale, na ana mahali pa kurudisha.

Salongo na shimo

Watu wazima wanakumbuka Salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Neno limebaki, na kazi yenyewe inafanyika hapa na pale. Rwanda nao wana Umuganda kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Tchomia hakuna ukosefu wa mikono ya kufagia. Vijana wakiitwa wanakuja, mifagio inaletwa, na kabla ya saa nne soko limekuwa safi. Ndipo rundo la sashe linabaki pembeni, na hakuna anayejua lipelekwe wapi. Likichomwa, moshi mweusi unaingia kwenye nyumba za jirani. Likiachwa, mvua ya kwanza inalirudisha kwenye mfereji.

Kamikatsu, kile kijiji cha mafungu zaidi ya 40, hakikuanza na mafungu mengi hivyo, na hakikuwa na kamiyo ya takataka. Kilianza kwa kuwa na mahali pamoja panapojulikana na watu waliopewa kazi ya kupasimamia. Jambo hilo halihitaji teknolojia ya Japani. Linahitaji kiwanja kilicho mbali na maji, shimo lenye uzio, mkokoteni mmoja au miwili, na watu wawili au watatu wanaolipwa kila mwisho wa mwezi. Pesa ya kulipa si lazima itoke Kinshasa. Kila mwenye meza sokoni anatoa ushuru, na kila mtumbwi unaoshusha mzigo unalipa kitu. Wauzaji wana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya pesa hiyo inarudi kwenye soko lenyewe, na wanaoipokea wana uwezo wa kujibu kwa kuandika hesabu kwenye ubao pale penye mlango wa soko.

Wakati hayo yanangojewa, kesho alfajiri mashine za Yamaha zitawashwa tena, samaki watashushwa, na Toyota ya kwanza ya Bunia itajaa kabla jua halijawa kali. Abiria wa mbele, yule wa kushoto, ataulizwa kama njia ni nyeupe.